Mawasiliano Kumi na Tisa Bila Mimi

Sifongo ya maikrofoni ya klabu ilikuwa inanuka, na haikuwa harufu moja. Kulikuwa na sigara, kahawa, meno yasiyopigwa mswaki, na chini ya yote hayo harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahaulika ndani ya ndoo. Wanachama kumi na saba walikuwa wameirushia mate kwa miaka tisa na hakuna hata mmoja aliyewahi kuivua akaifua. Niliivua siku yangu ya pili ya kazi. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, nikayamwaga nikiwa nimeziba pua.

Kazi yangu ilikuwa usafi. Klabu ilikuwa na vyumba viwili na choo kimoja, orofa ya tatu, juu ya duka la rangi za nyumba. Ilikuwa klabu ya redio za ridhaa, zile ambazo watu huzungumza wenyewe kwa wenyewe, nchi hadi nchi, kwa kupenda tu, bila mshahara wala matangazo. Huruhusiwi kurusha hata neno moja hewani bila leseni. Ukiipata leseni unapewa jina la hewani, herufi kadhaa na tarakimu, na jina hilo duniani kote unalo wewe peke yako.

Nililitamani jina hilo kuliko nilivyowahi kutamani nguo. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua, na karatasi pekee niliyokuwa nayo yenye jina langu ilikuwa kadi ya kliniki, nayo imeliwa na mende pembeni.

Shida yangu ilikuwa mdomo. Siwezi kuongea watu wakinitazama. Dukani huonyesha kwa kidole. Pale klabuni walinipa jina la Bubu, wakaridhika nalo.

"Bubu, chai."

"Bubu, umeona miwani yangu?"

"Usimuulize, atakujibu mwakani."

Aliyependa zaidi utani huo alikuwa Mwenyekiti, mzee mnene aliyestaafu ofisi ya posta. Alikuwa na tabia ya kuchokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama alichokitoa, kisha akakipaka chini ya ukingo wa meza. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta chini ya ukingo wa meza. Kila nikipitisha kidole pale nilihisi vipele vidogo vilivyokauka, na nilifuta hivyo hivyo.

Kisha Fundi akaleta kisanduku chake. Fundi alikuwa mwanachama pia, mwenye kibanda cha kutengeneza televisheni mtaa wa chini. Kisanduku kilikuwa kidogo kama kiberiti kikubwa, waya mmoja unaingia kwenye kompyuta, mwingine kwenye redio. Nilikuwa nadeki siku aliyowaeleza wenzake, nikadeki sehemu moja mara nne ili nisikie yote.

"Hapa huongei," aliwaambia. "Unaandika maneno machache. Kompyuta inayageuza kuwa milio, redio inairusha milio hewani, na kompyuta ya mwenzako huko aliko inaigeuza kuwa maneno tena. Sekunde kumi na tano unarusha wewe, sekunde kumi na tano unasikiliza. Jina lako, jina lake, nguvu ya mawimbi, kwaheri. Basi."

"Sasa raha iko wapi?" Mwenyekiti aliuliza. "Hata kusalimiana hakuna?"

"Raha ni kwamba unafika. Sauti ya mtu inapotea kwenye kelele, hii milio inapenya."

Nilichungulia skrini juu ya bega lake. Picha ya buluu ilikuwa inashuka taratibu, wenyewe wanaiita maporomoko, na ndani yake kulikuwa na michirizi ya njano. Kila mchirizi ni mtu. Pembeni maneno yalijipanga, mafupi, matatu matatu. Kwenye maikrofoni watu huongea Kiingereza mbio mbio, na mimi Kiingereza nilikiacha darasani. Haya niliweza kuyasoma. Na hakuna aliyetakiwa kuweka mdomo wake popote.

Haukupita mwezi, Mwenyekiti akasema kwenye kikao, "Mwaka huu lazima tutoe mwanamke. Ofisi ya leseni wananiuliza kila nikienda. Klabu nzima suruali tupu."

"Utampata wapi?" mmoja akauliza.

Mwenyekiti akanielekeza kwa kidevu. Nilikuwa nakusanya vikombe.

"Bubu?"

"Kwani hiyo ya kompyuta inataka mdomo?"

Walicheka mpaka wengine wakakohoa. Niliinamia sinia. Ndani ya kikombe kimojawapo utando wa maziwa ulikuwa umeshika kitako cha sigara. Niliutazama huo ili nisiwatazame wao, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha.

Masharti aliyaeleza Fundi. Nifanye mawasiliano hamsini kwa mkono wangu, kwa kutumia jina la hewani la klabu, mwanachama mwenye leseni akiwa karibu. Kila moja niliandike kwenye daftari: saa, jina la mwenzangu, nguvu ya mawimbi. Wanachama wawili watie sahihi. Kisha mtihani, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tatu. Nikikosa hapo, kuna mwingine baada ya miezi minne.

Kabla ya kukaa kwenye kompyuta niligeuza kibodi juu chini nikaipigapiga. Zilidondoka chembe za mkate, njiti za meno zilizotumika, nywele, na kucha. Kucha za mtu, zimekatwa kwa meno, tano au sita. Nilizikusanya kwa karatasi nikiwa nimeshika pumzi. Nilisugua kila kitufe kwa pamba na spiriti, asubuhi nzima, na bado vidole vyangu vilikuwa vinaogopa kugusa.

Siku tisa za kwanza sikumpata mtu. Fundi alikuwa amekwenda kufunga televisheni kwenye hoteli moja, kwa hiyo aliyekaa nami alikuwa Mwenyekiti, na kukaa kwenyewe kulikuwa ni kusinzia kwenye kiti mdomo wazi. Michirizi ya njano ilishuka mingi, lakini pembeni, mahali pa maneno, palikuwa peupe. Hakuna hata herufi moja. Niliita, sekunde kumi na tano, nikanyamaza, nikaita. Peupe.

Naona aibu kulisema hili. Nilidhani kosa ni langu. Nilidhani labda kuna kitu ambacho watu waliomaliza shule hukiona pale, mimi sikioni. Kwa hiyo sikuuliza. Siku tisa nilitazama mahali peupe nikijifanya nasoma.

Fundi aliporudi alitazama skrini mara moja tu.

"Tangu lini iko hivi?"

Nilimwonyesha vidole tisa.

Akatoa simu yake, akailinganisha na saa ya kompyuta. "Nani amegusa saa?"

Mwenyekiti akajinyoosha. "Ilikuwa nyuma. Nimeirekebisha."

"Kwa saa ipi?"

Mwenyekiti akaelekeza kidevu ukutani.

Saa ya ukutani ya klabu iko mbele kwa dakika saba na sekunde zake. Waliisogeza makusudi miaka mingi nyuma ili wanachama wasichelewe vikao. Kila mwanachama anaijua siri hiyo, na kila mwanachama huchelewa vilevile. Wanachama wapya huambiwa siku ya kwanza. Ila Mwenyekiti alikuwa ameishi na saa hiyo mpaka akaiamini.

"Mzee wangu," Fundi alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "hii kitu ikikosea sekunde tatu tu haisomi. Zile sekunde kumi na tano lazima zianze dunia nzima kwa pamoja. Wewe umempa binti wa watu saa ya kuwatishia wachelewaji."

"Mbona sisi inatutosha?"

Fundi akairudisha saa. Nusu dakika haikupita, maneno yakajaa pembeni kama sisimizi waliomwagiwa sukari. Nilisoma moja, nikasoma la pili. Nilikuwa nasoma. Nilimtazama Mwenyekiti, aliyekuwa ameshakirudisha kifuniko cha kalamu sikioni, na kwa mara ya kwanza nilimchukia kwa jambo ambalo halikuwa uchafu wake.

Asubuhi iliyofuata aliyenijibu alikuwa mtu wa mbali sana, kisha baada ya kumaliza akatuma neno la Kiingereza. Nilimwita Fundi anisomee.

"Anasema mawimbi yako machafu."

Nilihisi uso unawaka. Fundi akainamia redio, akacheka bila furaha. Mwenyekiti alikuwa amefungulia sauti ya kompyuta mpaka mwisho, kwa kuamini kwamba kelele nyingi ndizo zinazofika mbali.

"Ukiijaza hivi, mlio wako unamwagika," Fundi alinieleza. "Unakanyaga majirani kulia na kushoto. Wewe unajiona uko mmoja, wao wanakuona umekaa kwenye viti vitano. Tazama huu mshale wa redio. Punguza mpaka ulale kabisa. Ukiinuka hata kidogo, unachafua."

Nilipunguza. Mshale ukalala. Nilipoita tena nilijibiwa kabla sijaweka mkono magotini. Huyo wa pili tulimaliza vizuri, jina kwa jina, namba kwa namba, na mwisho, baada ya kwaheri, yakaingia maneno mawili yasiyo ya Kiingereza: KARIBU HEWANI.

Nilikaa nikiyatazama mpaka yakapanda juu ya skrini na kupotea. Kumbe wako watu wanaosema lugha yangu huko mbali, na huyo alikuwa ameona kwenye ukurasa wa klabu mtandaoni, Fundi alikuwa ameandika pale, kwamba anayeendesha ni mwanafunzi. Fundi akasema jumbe hizi haziruhusu zaidi ya herufi kumi na tatu, hata nafasi inahesabiwa. Nilihesabu. Zilikuwa kumi na tatu kamili.

Baada ya hapo kila asubuhi nikimaliza kudeki, saa tatu mpaka saa sita, nilikaa pale. Kwanza nilitazama kama Mwenyekiti ameirudisha sauti juu, maana alikuwa anairudisha. Nililaza mshale. Kisha niliita. Siku nyingine nilipata wanne, siku nyingine hakuna, hewa ilikuwa imekufa. Jumanne ya wiki ya mtihani nilikuwa na thelathini na moja.

Jumanne hiyo choo kiliziba.

"Bubu, hebu kashughulikie kule," Mwenyekiti alisema. "Watu wanashindwa kukanyaga."

Sitaeleza nilichokikuta. Mtu alikuwa ameona kimeziba, akakitumia, na aliyefuata naye vilevile, na aliyefuata. Watu wazima, wenye leseni. Nilifunga kitambaa puani, nikafanya kazi ile saa moja na nusu, mkono mpaka kwenye kiwiko, na mara mbili nilitoka nje kutapika.

Niliporudi, chumba cha redio hakikuwa na mtu. Lakini redio ilikuwa inarusha. Taa nyekundu iliwaka, ikazima, ikawaka. Kwenye skrini jina la klabu lilikuwa linaita, linajibiwa, linatuma namba, linaaga, linaita mwingine. Hakuna mkono uliokuwa kwenye kibodi. Mshale ulikuwa umesimama wima.

Nilisogea. Katikati ya wale waliokuwa wanajibiwa nilimwona yule wa KARIBU HEWANI. Jina lake nalijua kama langu. Alikuwa ameita, kompyuta ikamjibu, wakamaliza. Kisha alikuwa ameandika: UPO HAPO? Kompyuta ikaita mtu mwingine. Akaandika tena: UPO HAPO? Kompyuta ikaita mtu mwingine. Mara ya tatu: UPO HAPO? Nikakimbilia kiti, mikono yangu inanuka dawa ya choo na choo chenyewe, na kabla sijapata kitufe cha kuisimamisha alikuwa ameshaondoka. Mchirizi wake ulikatika.

Mwenyekiti aliingia na soda.

"Umeona maajabu hayo? Rafiki yangu kanipa kwenye flashi. Unaiwasha, unakwenda kula, ukirudi imekuvunia. Imefika ngapi?"

Nilikuwa bado natazama pale mchirizi ulipokatikia.

"Kumi na tisa," akasoma mwenyewe. "Thelathini na moja na kumi na tisa. Basi umemaliza, binti. Hamsini."

Akavuta daftari langu, ambalo nilikuwa nimelivisha gazeti lisichafuke, akaanza kujaza mistari kwa mwandiko wake, akilamba kidole kila anapofungua ukurasa. Fundi akaja akasimama mlangoni. Nilimtazama yeye. Nilitaka aseme neno.

"Tia sahihi hapo, Fundi," Mwenyekiti akasema.

Fundi akatazama viatu vyake. "Alhamisi ni keshokutwa tu," alisema, kama vile nilikuwa nimemuuliza tarehe. Akatia sahihi.

"Usinune," Mwenyekiti akaniambia. "Unadhani hivyo vyeti vya ukutani vilipatikanaje? Huyu Fundi wako mwaka jana alipewa cheti cha nchi mia moja, unadhani alikesha? Sahihi yako hapa."

Vyeti vilikuwa kumi na viwili, kwenye fremu. Nilikuwa navipangusa vumbi kila Jumatatu kwa kitambaa kikavu, kwa heshima, kama picha za marehemu.

Nikatia sahihi. Na mimi nilitia. Ukurasa ulikuwa na unyevu wa kidole chake pale nilipoweka mkono.

Nyumbani nilioga mara mbili. Shangazi, ambaye naishi naye, alikaa kwenye kizingiti akinisikia namwaga maji.

"Utajichubua," alisema. "Choo cha watu kimeshatoka hicho."

Nikamweleza. Shangazi ndiye mtu ninayeweza kuongea naye mpaka mwisho wa sentensi.

"Sasa wewe unataka nini?" akauliza. "Cheti si ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Basi kachukue. Wao wamevichukua vingapi? Ungekuwa mwanaume hata usingelifikiria mara mbili. Nani atajua?"

"Hakuna."

"Haya. Toka huko, maji yanakwisha."

Alhamisi ofisi ya leseni ilikuwa na watahiniwa tisa. Maswali yalikuwa ya kuchagua, thelathini. Nilisoma polepole, kidole chini ya neno, wengine walishatoka mimi bado. Aliyesimamia alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, hakunihimiza. Nilipata ishirini na nne. Ilitakiwa ishirini.

Kisha tulipanga foleni na madaftari yetu mbele ya meza yake. Aliuliza kila mtu swali lile lile, bila kuinua kichwa, mkono mmoja umeshika muhuri. "Haya ameyafanya nani?" "Mimi." Muhuri. "Haya ameyafanya nani?" "Mimi." Muhuri. Nilihesabu waliobaki mbele yangu. Neno lenyewe lilikuwa moja. Hata mimi ningeweza neno moja.

"Haya hamsini ameyafanya nani?"

Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho, mwandiko wa Mwenyekiti, na alama ya kidole chake imekauka pembeni, duara la njano.

"Thelathini na moja," nilisema.

Akainua kichwa. "Nini?"

"Nimefanya thelathini na moja."

"Na kumi na tisa?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazibua choo."

Nyuma yangu mtu alicheka kwa pua. Yule mama hakucheka. Akavaa miwani, akafungua daftari nyuma, akatazama mwandiko wangu na mwandiko ule mwingine, akasoma saa za mawasiliano.

"Kumi na tisa ndani ya saa moja na nusu. Nani aliyafanya?"

"Kompyuta. Peke yake. Iliwashwa na Mwenyekiti." Sauti yangu ilikuwa inatoka, na nikaiacha itoke. "Kuna mtu aliuliza mara tatu kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu."

Yule mama akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya namba thelathini na moja, akaweka sahihi yake kwenye mstari, na kumi na tisa zilizofuata akazikata kwa rula, moja moja.

"Hizi thelathini na moja hazipotei," alisema. "Na maksi zako za leo hazipotei. Rudi mwezi wa saba na kumi na tisa za kweli." Akaandika jina la klabu kwenye karatasi nyingine, akaiweka kwenye droo. Hakuniambia ya nini. "Anayefuata."

Fundi alikuwa nje, ameegemea ukuta. Hakuuliza kama nimefaulu.

"Umenitaja?"

Nilimtazama yule aliyenifundisha kulaza mshale.

"Nimetaja kilichotokea."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwenyekiti akisikia, pale klabuni hukanyagi tena. Hata ufagio hakupi."

"Najua."

"Na mimi leseni yangu…" Gari la taka likapita, akangoja lipite. "Mimi nilianza na kumi tu. Niliumwa wiki ile, nikaona nijazie kumi. Kisha zikawa mia."

Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na hata hizo niliziona chache. Lakini mwezi wa saba ulikuwa mbali kwa miezi minne tu, na mtaa mzima ule nilimjua mtu mmoja mwenye redio nyumbani kwake na leseni ya kuniangalia.

"Redio yako ya nyumbani inafanya kazi?" nilimuuliza.

"Inafanya."

"Nitakuja kesho saa tatu. Shangazi atakuwa pamoja nami. Na wewe utakaa kwenye kiti, macho wazi, mpaka nimalize."

Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona mtu mzima ananiitikia mimi. Nilishika njia ya nyumbani, daftari kwapani, na nilipofika kwenye bomba la kona niliuchana ukurasa wa gazeti uliokuwa umelifunika, maana nao Mwenyekiti alikuwa ameushika, nikautupa, nikanawa mikono.